Msiniulize Habari za Geini

Majirani, mimi nilinunua ampli ili gari ipige muziki. Basi. Sikuinunua nipate kusomeshwa. Lakini tangu ifungwe kwenye buti, hapa Kirolirwe kila mtu amekuwa injinia. Kwado anayeziba tairi ana maoni. Kadhafi anayeniuzia esansi kwa chupa ana maoni. Juzi mama wa maandazi, ambaye redio yake mwenyewe imefungwa kwa mpira ili betri zisidondoke, aliinama nyuma ya Noah yangu, akanusa, akatikisa kichwa. "Papa, geini yako iko juu."

Geini! Hata yeye! Mimi mwenye ampli, mwenye gari, mwenye deni la gari, ndiyo kwanza nasikia.

Sasa na wewe usianze. Kaa hapo, agiza chai, nikueleze ninavyoonewa.

Kwanza uelewe kwa nini mtu mzima mwenye watoto ananunua ampli. Barabara yetu unaijua. Kutoka Goma mpaka Sake unateleza kwenye lami, ziwa liko kushoto, unaweza hata kusinzia. Ukifika Sake raha imekwisha. Unapinda kuja huku kwetu, unapanda: mawe, poto-poto, ukungu, ng'ombe wamesimama katikati ya njia na honi hawaisikii. Abiria anajua atasagika. Kwa hiyo hachagui gari kwa breki. Haulizi habari za tairi. Anasimama parkingi ya Sake na kusikiliza. Gari inayopiga dum mpaka vioo vinatetemeka, hiyo ndiyo inajaa. Yangu ilikuwa na posti ya zamani, yaani redio ya gari, na spika mbili za milangoni, moja ikafa mvua ya kwanza. Nilikuwa naondoka na watu watatu na kuku. Na kuku halipi.

Kuna kijana pale parkingi, ana Noah ya mwaka mmoja na yangu, rangi moja na yangu, hata kutu iko mahali pamoja. Yeye haiti wateja. Anawasha sabufa tu, anaegemea mlango, anachokonoa meno. Abiria wangu waliokwisha kukaa, waliokwisha kulipa nusu, walikuwa wanashuka mmoja mmoja wanamfuata. Mama mmoja aliniachia mtoto nimshikie ili akaulize kule kama bado kuna nafasi. Nikamshika. Ningefanya nini?

Nikaenda Goma, Birere. Nikaona boksi limeandikwa wati 3000. Muuzaji hakusema neno, alininyooshea tu kidole kwenye ile 3000. Nikalipa. Na sabufa ya inchi 12 ndani ya sanduku la mbao, nikalipa tena. Sanduku likakaa pale pa magunia mawili ya maharagi. Magunia yalikuwa yanalipa nauli. Sabufa hailipi.

Fundi wa Goma akafunga. Akavuta waya mnene toka kwenye batri, akaweka fyuzi hapo hapo karibu na batri, akachomeka nyaya za sinyali, akawasha. Halafu akapiga magoti nyuma ya gari. Akatoa turnavisi ndogo, ile ya saa, akazungusha kidude fulani kwenye ampli. Akasikiliza. Akakirudisha nyuma. Akasikiliza tena. Akabandika skochi juu yake. Kisha akamgeukia konvoyeri wangu, si mimi, konvoyeri, mtoto wa kufunga mizigo, akamwambia: "Ambia papa asigusake hapa."

Nimesimama palepale! Konvoyeri naye akanigeukia, akaniletea ujumbe: "Papa, usigusake hapa."

Nakuuliza jirani. Kitu chako, umelipa dola zako, utakatazwa kukigusa?

Hiyo ndiyo geini yenyewe. Butoni ndogo, haina hata pa kushika, imezama ndani ya ampli, bila turnavisi huifikii. Upande mmoja imeandikwa 6V, upande mwingine 0.2V. Fundi ameiacha karibu na 2. Nikapiga hesabu yangu. Iko sita, mimi napewa mbili! Nne amemwekea nani? Nilipofika Sake nikang'oa skochi, nikazungusha mpaka kwenye 6.

Sauti ikanywea. Ikarudi ileile ya spika ya mlangoni. Konvoyeri akatazama pembeni, akajifanya anahesabu faranga. Nikazungusha kwa hasira upande wa pili, kule kwa 0.2, ambako mtu mwenye akili timamu hawezi kwenda. Wee! Noah iliruka. Namba ya gari nyuma ikaanza kugonga bati. Yule kijana wa parkingi alitoa kijiti mdomoni. Sasa niambie, nani aliziandika hizo namba kinyumenyume? Mtu huyo hana ndugu wa kumkanya?

Gari ikajaa. Sikudanganyi. Mbele tulikaa wanne, gia iko katikati ya magoti ya mama mmoja, kila nikitaka kubadili naomba ruhusa. Nikaweka Innoss'B, mtoto wetu wa Goma, watu wakatikisa mabega. Mimi nikainua kidevu. Nilipita mbele ya yule kijana polepole sana, kioo kimeshushwa, baridi inaniingia sikioni, sikujali.

Tukapanda. Huku juu besi ikaanza kukwaruza. Badala ya dum ikawa brrr. Nikasema ni mawe ya barabara. Nikaongeza sauti ili mawe yasisikike. Kisha ikaja harufu. Vioo vimefungwa kwa sababu ya ukungu, watu wamebanana, na harufu inatoka nyuma, ya gundi na plastiki inayoungua. Kwanza wote walimtazama mzee mwenye mfuko wa sambaza. Mzee akawaka: "Sambaza zangu ni za leo!" Basi wakanigeukia mimi. Si gari, mimi. Mama wa gia akauliza kwa upole, ule upole wa kumuuliza mgonjwa: "Shofere, ni weye?"

Niliapa. Niliapa kwa mama yangu. Wakati naapa, moshi ukachungulia kwenye sanduku.

"Gari iko naungua!"

Mlango wa Noah ni mmoja, lakini siku ile watu walipata milango mingi. Mama wa gia alipita juu yangu. Wakatawanyika malishoni kati ya ng'ombe, nami nawafuata naita: "Rudini! Gari ni nzima! Ni muziki tu ndio unaungua!" Hakuna aliyerudi. Wakasimamisha motari, wakapanda watatu watatu, na ile nusu ya nauli iliyobaki wakapanda nayo. Aliyebaki ni mama wa maziwa peke yake, kwa sababu bidoni zake ni nzito. Na hakubaki kwa huruma. Alifungua kifuniko, akachungulia, akaniambia maziwa yameanza kuwa siagi, nani atalipa?

Nikaipeleka sabufa kwa kijana wa kuchaji simu. Unamjua, yule mwenye paneli ya sola juu ya bati, anayejaza nyimbo kwenye memori. Amesoma sekondari, na ana mita ya kupimia umeme. Ananiita Papa kwa heshima ile inayouma. Akaweka vidole kwenye karatasi ya sabufa, akaisukuma polepole, ikakwaruza. Akainusa. Akanipa na mimi ninuse. "Koili imeungua, Papa."

Nikamwambia haiwezekani, ampli ni wati 3000, yenye nguvu hivyo haiwezi kuunguza kitu, ina nguvu ya kutosha. Akanitazama. Akaichomoa fyuzi ya ampli, akanionyesha namba: 30. Akasema ampli haiwezi kula zaidi ya fyuzi yake. Ampea 30 mara voliti 14 za gari inayonguruma ni wati 420, hizo ni za kuingia. Nyingine zinapotea kuwa joto. Zinazofika kwa sabufa ni kama 250.

"Na 3000?"

"Hiyo iko kwa boksi, Papa."

"Boksi ndilo nililolipia."

Akaanza kunisomesha. Na unajua Kirolirwe, ukimuona mtu anasomeshwa lazima usimame. Wakasimama. Kijana akachukua kijiti akachora udongoni vilima, kupanda, kushuka, kupanda, kushuka. Akasema hiyo ndiyo sauti inavyotembea ndani ya waya. Posti yangu inatoa vilima vya voliti 2 hivi. Ampli inavikuza. Ila ina dari yake, umeme wake una mwisho. Geini ni ya kuiambia ampli posti inaleta kiasi gani, basi. Ukiiambia posti inaleta 0.2 na kumbe inaleta 2, inakuza mara kumi zaidi ya inavyotakiwa, vilima vinagonga dari, vichwa vinakatwa. Akapitisha kiganja, akavilaza vilima vyangu vyote bapa. Wimbi lililokatwa hivyo mpaka likawa mraba linabeba nguvu mara mbili ya lile la duara lenye urefu uleule. Na karibu nguvu hiyo yote inageuka joto ndani ya koili. Inapata moto kuliko inavyoweza kupoa.

"Kwa hiyo geini si ya kuongeza sauti," akamaliza.

"Lakini nikizungusha sauti inaongezeka."

"Inaongezeka."

"Basi ni ya kuongeza sauti."

Akafumba macho kidogo. Hapo mchungaji mmoja, aliyekuwa anapita tu na fimbo yake, akaona atusaidie. Akasema: "Papa, ukimwaga ndoo nzima ya maziwa ndani ya chupa, chupa haikui. Maziwa yanamwagika." Umati wote: aaaah! Mama wa maandazi: aaaah! Watoto wa shule: aaaah! Kisha wote wakanitazama, wananingoja mimi na aaaah yangu. Sikuitoa. Mchungaji yule hana gari. Hana hata redio.

Sabufa nyingine nikaipata kwa mkopo wa shemeji, huo tutauongea siku nyingine, shemeji mwenyewe anauongea kila siku. Kijana akasema safari hii tutapima sawasawa. Na siku aliyopata nafasi ni siku ya soko. Macho ya watu hayana pazia. Nilitamani kuwa na pazia mimi.

Akaniambia niwashe injini, kwa sababu batri peke yake ni voliti 12 na kitu, gari ikinguruma inafika 14, na ampli ipimwe ikiwa na chakula chake kamili. Esansi inaungua, chupa baada ya chupa, Kadhafi anapita karibu anatabasamu. Akashusha besi na treble zote kwenye sufuri. Kile kingine kwenye ampli kilichoandikwa bass boost, ambacho nilikuwa nimekizungusha chote kwa sababu kipo, akakirudisha sufuri, hakusema neno, alinitazama tu. Volumi ya posti mwisho wake ni 40, akaweka 30. Akachomeka memori yenye mlio mmoja tu, hezi 50, sauti ya chini kabisa, wuuuu. Halafu akafanya nini? Akachomoa waya za sabufa.

Kimya.

Soko zima limekusanyika nyuma ya Noah na gari haitoi sauti hata ya mbu.

"Papa, haipigi?"

"Iko napiga."

"Mbona hatusikie?"

"Waya zimetolewa."

"Sasa munapima muziki pasipo muziki?"

Nikawaambia hivyo ndivyo inavyofanywa. Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua. Mzee mmoja akanipa pole. Akaniuliza kama nyumbani wanajua niko hapa.

Kijana anashika mita kwenye matundu ambamo waya za sabufa zilikuwa, ameiweka kwenye voliti za AC, anazungusha geini polepole sana. Anataka kufika namba fulani. Namba inatoka wapi? Unachukua wati, unazidisha na ohmu za sabufa, unatafuta mzizi. Wati 250, ohmu 4. Akainua uso, akaniuliza mbele ya soko: "Papa, mzizi wa elfu moja ni ngapi?"

Mimi! Nimeshika tochi tu!

Nikasema: "Inategemea."

Mtoto wa shule, kamasi ziko hapa, begi la mgongoni limepasuka, akajibu kwa nyuma: "Thelathini na moja nukta sita." Akapigiwa makofi. Mama wa maandazi akampa andazi la bure. Mimi mteja wake wa miaka, sijapewa andazi la bure hata siku ya Krismasi.

Mita ikasoma 31.6, kijana akaondoa turnavisi. Butoni imesimama wapi? Karibu na 2. Konvoyeri akasogeza kichwa, akaona ule weupe wa gundi, akasema kwa sauti ambayo haikuwa ya lazima: "Papa, alama ya skochi ya fundi wa Goma ni hapahapa." Nikamtuma akalete maji. Gari haikuhitaji maji. Na yule fundi wa Goma alibahatisha, nisikilize mimi, hakuwa hata na mita, alitumia masikio. Kijana ananiambia masikio yaliyozoea yanasikia kukwaruza kunapoanza, unarudi nyuma kidogo, inatosha. Haya, kama masikio yanatosha, esansi yangu ilikuwa ya nini?

Nikamuomba aongeze kidogo tu, kwa heshima yangu. Akasema ili sauti isikike mara mbili nitahitaji wati mara 10. Kuongeza wati mara mbili tu ni desibeli 3, abiria watatambua kidogo tu. Kwa hiyo ningehitaji 2500. Nikaruka: "Si ndiyo maana nilinunua 3000!" Akaanza kukunja waya za mita yake.

Gari ikapiga safi, nikubali nisikubali. Siku mbili tatu. Kisha ikaanza mwiiii. Nikikanyaga mafuta, mwiiii inapanda, nikiachia, inashuka. Abiria wakadhani kuna mtoto mchanga chini ya viti. Mama mmoja alitoa maziwa ya ungaunga. Kumbe waya wa masi ulikuwa umekazwa juu ya boliti yenye rangi, umeme unatafuta njia nyingine ya kurudi nyumbani, unapita kwenye waya wa sinyali na kelele za alternata mgongoni. Kijana alikwangua rangi mpaka bati likang'aa, akakaza, akauhamisha waya wa sinyali upande wa pili wa gari, mbali na ule waya mnene. Mwiiii ikaisha. Hata pale nililaumiwa mimi. Boliti niliipaka rangi ili gari isipate kutu. Ukitunza kitu, kosa.

Lakini lililonimaliza ni Franco.

Mimi napenda rumba ya zamani, sifichi. UNESCO wenyewe waliiandika rumba ya Kongo kwenye orodha yao ya urithi wa binadamu, mwezi wa 12 mwaka 2021. Dunia nzima imekubali. Abiria wangu bado wanajadili. Wanataka za kisasa, kwa hiyo kwenye memori nimechanganya: moja ya vijana, moja ya Franco. Sasa Franco alifariki 1989, nyimbo zake zilirekodiwa zamani, zimeachiwa pumzi, zina pa kunong'ona na pa kupanda. Za siku hizi zinabanwa huko studio mpaka zote ziko juu, toka mwanzo hadi mwisho zimegusa dari. Nikiweka Franco kwenye volumi ileile, anaongea na kola ya shati. Kuna mafundi wanaopima geini kwa mlio ulioteremshwa desibeli 5 ama 10 ili nyimbo tulivu zipate nafasi. Kijana alikataa kunifanyia hivyo. Alisema kwa mtu mwingine angefanya.

Basi siku hiyo niko peke yangu mbele, jioni, abiria wachache nyuma wamesinzia. Nimempandisha Franco mpaka 38. Gitaa zinasuka, mimi niko Kinshasa ya zamani, nimevaa suti. Nikafika penye kilio cha upande wa mke wangu. Turubai limefungwa, wazee wamekaa kwenye viti vya plastiki, moto unawaka. Heshima ni heshima, nikapunguza mwendo. Nikashusha kioo. Nikaweka mkono kifuani, nikainamisha kichwa kwa baba mkwe. Na wakati huohuo Franco akamaliza.

Kimya kizuri. Baba mkwe akaniitikia kwa kichwa.

Halafu ikaja ya vijana. Kwenye 38.

Jirani, turubai lilijaa upepo. Bibi mmoja alishika moyo. Nikarukia posti. Lakini posti yangu haina butoni ya kuzungusha, ina kidude cha kubonyeza, na hicho kilishaharibika, ukikishikilia hakielewi, kinataka ukibonyeze mara moja moja. Kwa hiyo nilipunguza mbele ya wafiwa namba baada ya namba. 37. 36. 35. Wote wananitazama. 34. Kuzima? Kidude cha kuzima ndicho hichohicho. Nikatamani injini izimike. Siku nyingine zote inazimika yenyewe mlimani. Siku ile ilinguruma vizuri mno.

Kijana aliposikia, akasema mtu kama mimi asiachiwe geini wazi. Akaja na chupa ndogo ya rangi ya kucha, nyekundu, akadondosha tone moja juu ya butoni. Ikikauka haizunguki ovyo, na ikiguswa inapasuka, inaonekana. Akasema mafundi wanafanya hivyo. Chupa akaiacha kwenye kidroo cha gari, karibu na karatasi, kwa ajili ya siku nyingine.

Mke wangu anaimba kwaya. Kanisani kwao rangi ya kucha hapana, hata ya kuotea ndotoni. Alifungua kidroo anatafuta faranga za chumvi.

"Baba Furaha, hii ni ya nani?"

"Ya ampli."

Nilijibu haraka, kwa sababu ndiyo kweli. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejua la kufanya. Aliifunga ile chupa ndani ya leso, akaenda kwao.

Wakaniita. Baba mkwe, shangazi, shemeji mwenye mkopo wa sabufa, wote wamekaa, leso iko mezani. Kilio hakijasahaulika. Nikaeleza. Nikaanza na voliti za posti, nikaja kwenye vilima, nikachora hata kwa mkaa sakafuni, nikavikata vichwa. Nilieleza vizuri, nakuhakikishia, kijana angenisikia angeshangaa. Shemeji akasema nifungue buti. Tukatoka na tochi, nikafuta vumbi. Tone liko pale, jekundu, limekauka. Baba mkwe akainama, akaliona. Akaanza kulegea uso. Nikapumua.

Shangazi hakuinama. Alikuwa ameinua chupa kwenye mwanga wa tochi.

"Tone ni moja," akasema. "Mbona chupa imeisha nusu?"

Nikasema kijana aliichukua kwa dada yake, ilikuwa imetumika. Dada yuko wapi? Goma. Na kijana? Naye amekwenda Goma, mita yake imeisha betri. Shemeji akacheka peke yake, kicheko kifupi. Wakaamua kijana akirudi aje aseme kwa mdomo wake, na dada aje na kucha zake. Mpaka hapo mimi nyumbani nisionekane.

Kwa hiyo ukiona Noah imeegeshwa kando ya malisho usiku, vioo vimejaa mvuke, usigonge, ni mimi. Nyuma siwezi kulala, sanduku la sabufa limechukua nafasi yote. Mbele usukani uko tumboni. Muziki siwashi, naogopa kumaliza batri. Na baridi ya huku unaijua. Asubuhi gari ikigoma kuwaka, watakaokuja kunisukuma ni shemeji zangu.